Barua Yangu na Msafu wa Jirani

Jumamosi, mwezi wa pili, saa tisa alasiri. Mvua ilikatika alfajiri, jua likawaka mapema, na udongo wa ua wangu unafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa.

Msafu wa jirani, ule mti wake wa matunda, umeanguka leo saa sita mchana. Aliyeuangusha ni jirani mwenyewe, kwa shoka lake, akiamini kwamba Bula Matari, yaani serikali ya Wazungu, ameamuru. Serikali haijaamuru kitu. Serikali ina reli, meli na kodi za kushughulikia. Haijui hata kama mti huo ulikuwapo duniani. Niliyeandika ile barua ni mimi.

Hajui. Nami nimekaa hapa tangu saa sita nikijiuliza kama nimwambie.

Jirani huyu anaitwa Amisi, lakini mtaa mzima humwita Baba Zaina kwa jina la binti yake wa kwanza. Ni mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa sauti kubwa, asiyejua kusoma wala kufunga vifungo vya shati. Ua wake haufagiliwi ila siku ya Idi. Ukipita mlangoni kwake utadhani meli imepasuka hapo: magunia, mitungi mibovu, kuku, watoto wa watu. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya Wazungu mpaka nilipostaafu. Ua wangu una maua mistari minne, na kila mstari nimeupima kwa kamba.

Tawi moja la msafu wake, nene kama paja, lilivuka ua wa mianzi na kulala juu ya uwanja wangu. Kila msimu safu, matunda yake ya zambarau, zilidondoka, zikapasuka juu ya maua na kutia madoa mashati yangu meupe kwenye kamba. Popo walikuja kula na kuacha walichoacha. Mke wangu, Veronika, alikuwa akiziokota. Nimemkataza mara nyingi kuchemsha matunda ya kuokota kama mtu asiye na mume. Huzichemsha ninapolala mchana, kisha hudai harufu inatoka kwa jirani.

Mtu mwingine angepayuka juu ya ua: "Wee Baba Zaina, kata tawi lako!" Ndivyo wanavyofanya hapa. Au angemtuma mzee mmoja akaketi, akanywa maji, akazungumza habari za mvua mpaka afike kwenye mti. Niliona haya yote ni ushamba. Jambo la mpaka huandikwa.

Niliandika. Karatasi nzima, kwa mashine ya chapa niliyoinunua ofisini walipoleta mpya. Niliandika kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa hakibishani. Niliomba tawi lililovuka mpaka likatwe. Tawi, si mti. Nikatia sahihi yangu ile ndefu.

Kisha, kwa kuwa barua haipelekwi na mke wala mtoto, nilimpa kapita, msimamizi wa mtaa.

Hapo ndipo ujinga wa watu wawili ulipokutana. Kapita naye hajui kusoma, ingawa huishika karatasi kama padri anavyoishika misale. Aliniuliza, "Inasema nini, Karani?" Nilikuwa na haraka, na sikuona sababu ya kumfafanulia mtu wa namna ile. Nikamjibu, "Ni habari ya mti wake." Akaondoka nayo. Kapita ndiye anayeleta karatasi za kodi, karatasi za chanjo, karatasi za kuitwa kazi ya barabara. Katika mtaa huu hakuna aliyewahi kuona karatasi mkononi mwa kapita isiyotoka kwa Bula Matari. Mimi nilijua hilo. Nilikaa ofisini miaka mingi nikizichapa karatasi hizo mwenyewe.

Zikapita siku tatu. Leo asubuhi nikasikia shoka.

Nilitoka nikiwa nimeridhika. Ninaliandika hilo hapa kwa sababu shajara si mahali pa kujipamba. Nilisimama kwenye ua wa mianzi nikamwona Baba Zaina kifua wazi, na shoka halikuwa kwenye tawi. Lilikuwa kwenye shina.

"Karani, umeamuka?" akasema. "Ona mambo ya Bula Matari. Wanataka muti yangu."

"Wote?"

"Kapita alisema muti. Hakusema tawi. Mimi nitabishana na karatasi?" Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Zaina anafika siku ya Jumatatu na treni ya Kibombo. Analeta kitovu ya mutoto wake. Vitovu vya watoto wangu vyote viko hapa chini, na yangu pia, mama alizika. Sasa ile ya mujukuu nitazika wapi? Wewe uko mutu ya ofisi. Sheria inasema nini?"

Shina lilikuwa limekatwa robo tu. Mti ungepona. Nilichotakiwa kusema hakizidi maneno matano.

Nikasema, "Sheria ni sheria."

"Njo vile," akajibu, akatema mate viganjani, akaendelea.

Mti ulipoanguka, ardhi ilitikisika na vikombe vya Veronika vikagongana kabatini. Yeye aliniona nikiichapa ile barua. Aliniwekea ugali na mboga mezani, akaenda kukaa jikoni.

Najaribu kumdharau Amisi kama kawaida yangu. Mtu gani hukata mti wa mama yake bila kuuliza karatasi imetoka kwa nani? Mtu gani hamtafuti anayejua kusoma, na msomaji yuko hatua kumi kutoka mlangoni kwake? Kisha nakumbuka kwamba aliuliza. Aliniuliza mimi.

Saa moja jioni. Nimerudi.

Niliwakuta watu sita uani kwake wakigawana kuni. Baba Zaina alikuwa ameketi juu ya gogo, na mkewe, Mama Zaina, akijaza kikapu safu zilizosalia. Aliponiona akanisogezea kikapu. "Chukua, Karani. Mupelekee Mama Veronika. Njo za mwisho."

Sikukipokea. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kuwaita watu dirishani ofisini, kwa sababu sina nyingine: "Ile barua haikutoka kwa serikali. Niliiandika mimi."

Baba Zaina akanitazama. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe peke yako? Bula Matari hayuko ndani?"

"Hayumo."

Akacheka. Sikutazamia kicheko. Alicheka mpaka akashika gogo asianguke. "Siku tatu sikulala! Nilifikiri wataniweka gereza, kumbe njo Karani na mashati yake!" Wale watu wakacheka pia. Mmoja, mvuvi asiye na meno ya mbele, akasema, "Amisi, kesho kuku wako watapata karatasi nao." Kapita mwenyewe alikuwapo, na fungu lake la kuni kichwani. Alicheka kuliko wote, kisha akaondoka upesi.

Mama Zaina hakucheka. Aliingia ndani akatoka na barua, imefungwa katika kitambaa safi pamoja na karatasi zao za kodi. "Soma," akaniambia. "Tusikie tuliambiwa nini."

Nikasoma, nikitafsiri. Mwanzo wa barua zote za ofisi ni mmoja, nami niliuandika bila kufikiri: "Nina heshima ya kukufahamisha..."

"Heshima iko wapi hapo?" akauliza.

Nikaendelea. Nilipofika mahali palipoandikwa tawi, Baba Zaina akainua mkono.

"Rudia."

"Tawi linalovuka mpaka."

"Tawi," akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Akageuka akatazama kisiki, utomvu ukichuruzika na siafu wamekwisha kuufikia. "Ungesema asubuhi. Shoka ilikuwa bado haijaingia sana."

"Ndiyo."

"Ulisimama pale."

"Nilisimama pale."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ya mtu kama yeye hayanifikii, nilijiambia njiani. Hakutukana. Alichukua barua mkononi mwangu, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia.

"Zaina akishuka kwenye treni atauliza muti iko wapi. Atauliza mimi, atauliza mama yake. Sisi tutanyamaza. Wewe utamwambia. Kwa kinywa, Karani. Si kwa kapita, si kwa karatasi." Akasimama. "Sasa nenda kwako, nipate kuswali."

Nikaja nyumbani. Veronika alikuwa mlangoni. Bila shaka alisikia yote, mianzi haizuii kitu. Alinipisha nipite, akaenda ng'ambo kwa Mama Zaina, na hajarudi.

Nimechukua karatasi ili nipange nitakachosema Jumatatu. Nimeandika mwanzo mara tatu na mara tatu nimechana. Wa kwanza ulieleza habari za popo. Wa pili ulimlaumu kapita. Wa tatu ulikuwa wa kweli, lakini hakuna mtu anayeweza kuutamka akiwa amesimama.

Nitakwenda stesheni kabla ya treni. Hilo nimekwisha kuamua. Maisha yangu yote nimejua barua huanzaje. Mwanamke akishuka mbele yako na mtoto mgongoni, na kitovu kimefungwa kwenye ncha ya kanga, akakuamkia kwa adabu, unaanzaje?