Kingamwili Zangu Zimeshuka na Sikukuu ya Ukoo Imekaribia

Bi Olivera mpendwa, mimi si mwombaji, lakini leo naomba unisaidie kabla sijaumbuka.

Naitwa Tihomir, mzee wa huku chini ya mlima Rudnik, shule niliiacha mapema kwa sababu mimi na mwalimu tulichokana, na masika iliyopita korona ilinilaza, nikakohoa mpaka kuku wakahama, nikapona, nikaenda mjini kupima kingamwili kama wanaume wote wa kijiji walivyokuwa wakipima, na namba yangu ikawapita wote, hata jirani yangu Radisav ambaye tangu utoto ananishinda kila kitu isipokuwa sura, basi nikaibandika kilabuni juu ya chupa za rakija, pombe yetu kali ya matunda, na kila aliyenitajia chanjo nilimjibu, "Mwanangu, chanjo yenyewe ije kwangu ikachanjwe." Sijisifu, nasimulia tu.

Sasa mke wangu Jagoda anaishi kwa figo aliyopewa na dada yake, anakunywa dawa za kuituliza kinga ya mwili isije ikaikataa figo hiyo, amechanjwa lakini daktari anasema kwake chanjo imeshika kidogo tu, na mwezi huu ni sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu, siku ambayo hatualiki mtu wala hatumrudishi mtu, mlango wetu haujafungwa tangu enzi za babu wa babu yangu, hata vitani, na watu watajaa, watabusiana mashavuni mara tatu kama kawaida, wataimba, nikasema nipime tena ili nimtulize Jagoda, kumbe namba imeporomoka kama soksi ya mlevi. Majibu nimewashia jiko.

Jagoda akauliza, "Tiho, umepata ngapi?"

"Mashine imeharibika."

"Mashine au wewe?"

Je, mwili wangu umesahau vita vyake? Nikachanjwe kwa siri mji wa mbali? Na mlango niufunge? Radisav akijua, nahama nchi.

*

Shikamoo, mzee Tihomir. Ukishaitikia, kaa nikukaripie.

Kwanza hongera, mwili wako umefanya kazi ya kujivunia. Virusi viliingia bila hodi, askari wa mwanzo wakavipokea kwa homa, huku wengine wakijifunza sura ya adui na kutengeneza kingamwili za kumnasa. Vita vikiisha, mwili haulishi jeshi zima bure; hulipunguza. Namba kushuka ni kawaida. Kumbukumbu haijafutika: zimebaki seli kwenye tezi na kwenye uboho wa mifupa zinazomjua adui yule. Ila adui naye hubadili sura, na karatasi yako ya kilabuni haikuwahi kuahidi kwamba hutaugua tena wala hutaambukiza mtu. Chanjo huwaonyesha askari sura ya adui bila kumleta adui mwenyewe, na kwa mtu aliyewahi kuugua kama wewe, askari hao huamka upesi na kwa nguvu kuliko ugonjwa peke yake ulivyowaacha.

Sasa aibu yako ilipo. Umemdanganya mwanamke ambaye askari wake wamefungwa mikono kwa dawa ili figo ya dada yake iishi. Ukuta wake ni ninyi mnaomzunguka, na wewe ukuta umeujenga kwa majigambo.

Mwambie Jagoda ukweli leo, kabla ya chakula. Kesho nenda zahanati ya hapohapo kijijini, mchana, maana chanjo huhitaji kama wiki mbili kushika. Mpitie Radisav mlangoni umwambie, "Yangu imeshuka, yako je?" Utaona atakavyotafuta koti lake mfuatane zahanati. Jagoda naye amuulize daktari wake habari ya dozi ya nyongeza.

Mlango usiufunge. Lakini aliyechanjwa naye anaweza kubeba virusi, kwa hiyo meza ziwekwe kwenye banda mnamopikia rakija, lisilo na kuta, moto uwashwe, samaki na maharage yaliwe humo. Anayekohoa apelekewe sahani yake nyumbani. Mabusu, hata moja, hapana. Jagoda avae barakoa akae mbali kidogo na kelele zenu.

Desturi yetu haimruhusu mwenye nyumba kuketi siku hiyo. Husimama akiwahudumia wageni. Mwaka huu simama karibu na mkeo, na anayemjia na mashavu yake mzuie kwa mkono uliochanjwa, hata akiwa askofu. Hapo nami nitatembea kifua mbele nikisema Rudnik ina mwanamume.