Kijani cha Sabuni Kilima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua mlango saa moja kamili, kama kila siku. Mashine ya zamani ya kuchapa imegoma mara mbili, kisha ikatii. Kazi zote ni za sikukuu ya wanawake ya tarehe nane: fulana, mabango, kadi. Binti yangu Aimée yuko kwenye kompyuta yake. Mimi niko kwenye kioo changu cha kuchanganyia wino. Hatuongei kabla ya chai.

Saa nne ameingia Mama Georgette, mwenye Sabuni Kilima. Mteja wetu wa miaka mingi. Alikimbia vita Djugu, akaanza kupika sabuni kwa masufuria mawili ya kuazima. Leo wanawake sita wanaishi kwa sabuni hiyo. Ameweka katoni mezani bila salamu. Hiyo si tabia yake.

"Papa Anselme, sabuni yangu iko na rangi ngapi? Batu ya Komanda banasema iko ya kuiga!"

Mwenye duka wa Komanda amerudisha katoni zote kwa pikipiki. Mwezi uliopita alitundika bango letu jipya. Bango lina kijani kizito. Etiketi, karatasi inayofungwa kwenye sabuni, ina kijani kilichopauka. Wanunuzi wakalinganisha, wakadhani sabuni ni bandia, wakaiacha. Mwenye duka amempa Mama Georgette hadi Jumamosi arekebishe. Baada ya hapo nafasi yake ataipata mwingine. Mama Georgette hana duka jingine kubwa kama hilo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga vyote mezani: etiketi, bango, fulana, picha ambayo Aimée huituma kwenye simu za wateja, picha ya ukuta wa duka uliopakwa rangi yake. Vinne vinafanana. Etiketi peke yake ni tofauti. Etiketi ndiyo ninayoichapa mimi kwa wino wangu; bango, fulana na picha ya simu Aimée huvitoa kwenye kompyuta, kwa rangi ya ukuta ule. Basi vile vinne vimekosewa. Ndivyo nilivyosema, na nilisema kwa sauti.

Aimée amerudia ombi lake la miaka miwili. Kila mteja awe na faili moja: alama yake, rangi zake kwa namba, sura ya herufi zake, hata maneno ya kusomwa redioni. Anayepaka ukuta, anayechapa fulana, anayetuma picha, wote waanzie hapo. "Papa, mteja anatuletea jina yake, si karatasi tu." Nimemjibu kwamba jicho lililofundishwa halihitaji namba.

Nimemkumbuka bruda, mtawa aliyenifundisha kazi misheni. Alinipa jani la mgomba, akaniambia nichanganye wino wa rangi ile. Nilichanganya kutwa nzima. Jioni aliliweka jani juu ya wino, likapotea. Hakunisifu. Alinikabidhi funguo za kabati la wino. Ninazitamani siku zile: herufi za madini ya risasi katika visanduku vyake, harufu ya mafuta ya taa, ukimya wa watu wanaojua kazi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda mtaa wa Mbunya kwa Dieudonné, yule anayepaka maandishi kwenye kuta za maduka. Nimemkaripia mbele ya wateja wake. Alishuka ngazi polepole, brashi mkononi.

"Muzee, mi nilitwala rangi ku kikwembe yake mwenyewe. Weye ulitwala wapi?"

Nimejibu: nilichukua katika kikwembe hicho hicho, kitenge chake cha kijani, kabla hujajua kushika brashi. Watu wamecheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

Swali lake limenifuata njia nzima. Lakini nilisema kweli. Mama Georgette alipokuja mara ya kwanza hakuwa na alama wala mchoro. Alikuwa na kikwembe alichokimbia nacho. Alikata pembe yake, akasema sabuni iwe na kijani hiki. Nilikipigilia kipande hicho ukutani, kando ya dirisha, mahali penye mwanga mzuri. Kila alipoagiza etiketi nilichanganya wino nikikitazama. Sikukosa hata mara moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba Mama Georgette alete kikwembe. Amekuja nacho kimefungwa katika mfuko. Hakivai. Hukiweka sandukuni, chini kabisa.

Nimeng'oa kipande changu ukutani na kukirudisha kwenye pembe ilikokatwa. Mkato umelingana uzi kwa uzi. Rangi haikulingana. Kipande changu kimepauka kama majani ya kiangazi.

Jua la dirishani. Miaka yote hii kilikuwa kinafifia kidogo kidogo, nami nikikifuata kwa uaminifu, oda baada ya oda. Jicho langu halikukosea. Hilo ndilo linaloniuma. Nilihifadhi jina la mteja mahali pasipofaa na kile kipande sikukigeuza hata siku moja.

Aimée ameinama kuutazama mkato. Ningependa anilaumu.

Mama Georgette ndiye aliyecheka. "Papa, weye na hiyo kipande mumezeeka pamoja!" Kisha ameshika kikwembe kwa mikono miwili, akaacha kucheka. Amesema hicho ni kijani cha kilima cha nyuma ya nyumba yao, mvua za kwanza zinaponyesha. Amesema alisahau kwamba kilikuwa kizito hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechanganya wino juu ya kioo, kikwembe pembeni. Nimeweka kitambaa juu. Kimepotea. Aimée amepima kwa namba zake: anakubaliana nami. Nami nimepima kila wino kwa mizani na kuandika uzito. Sikuwahi kufanya hivyo.

Wanawake sita wamebandua etiketi za zamani na kufunga mpya, wakiimba. Katoni zimepanda lori la Komanda saa saba. Ndani nimetia barua: sabuni ni halali, kosa ni la wachapaji. Aimée alipendekeza tuandike "hitilafu". Nimeandika "kosa", nikatia sahihi.

Jumamosi, 8 Machi

Maandamano. Wanawake wa Sabuni Kilima wamepita na fulana zao. Dieudonné alikuwa barabarani. Nimemwomba radhi mbele ya watu, maana nilimkaripia mbele ya watu.

"Iko sawa, Muzee. Siku ingine, uliza kwanza."

Komanda kimya. Nimekwenda kutazama simu ya Aimée mara nne. Ni aibu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ujumbe umefika: mwenye duka amezipokea katoni, amezipanga chini ya bango, wanunuzi hawaulizi tena. Ameomba nyingine.

Mama Georgette amekata pembe ya pili ya kikwembe bila kuombwa. Imo katika bahasha nyeusi, ndani ya faili yake, pamoja na namba, uzito wa wino, herufi, na maneno ya redioni. Ni faili ya kwanza. Aimée ameandika jina juu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko nilivyokumbuka.

Etiketi zilizopauka nimezikata. Tutaandika oda nyuma yake.

Ukutani kando ya dirisha umebaki mraba mdogo safi na matundu manne ya misumari. Kipande cha zamani sikuweza kukitupa. Nimekibandika hapa chini, kwenye ukurasa huu. Nitafunga daftari, humu jua haliingii.