Dada, Siyo Bahati Tu

Dar es Salaam,
Alhamisi mchana

Kwako dada yangu Dafroza,

Shikamoo dada. Kifua cha mama kimepata nafuu kwenye baridi ya huko Ilembo? Mimi mzima, ila joto la huku linanilegeza. Darasani nikifumba macho kidogo tu nasikia harufu ya tumbaku, nawaona nyie wanawake wa ghalani mkichambua majani, kama mnaelea kwenye vumbi lenye jua.

Sasa lile jambo letu. Likizo tulipowauliza wachambuaji, wanaume kwa wanawake, wanalipwa kiasi gani, msimamizi alitucheka: "Wastani wa malipo ya wanaume umezidi kwa bahati tu. Ulizeni wengine, mtakuta kinyume." Hapa chuoni nimejifunza namna ya kumjibu. Unaanza kwa kumkubalia: haya, tuseme hakuna tofauti. Halafu unapiga hesabu: kama ni hivyo, bahati peke yake ingeweza kuleta pengo kubwa namna hii? Dada, ingetokea kwa nadra mno. Nilirudia hesabu, jibu likawa lilelile.

Mwalimu wangu akasema, "Usikimbilie. Huenda hao wanaume ni wakongwe kazini."

Basi nikawalinganisha wanaume na wanawake walioanza kazi msimu uleule tu. Pengo likabaki palepale.

Nikaenda kwa mwenye ghala, maana ofisi yake iko huku. Alisoma hesabu zangu, feni inazunguka taratibu, nami nikajiona kama niko kwenye ukungu wa vilima vya Mwese, sioni mbele. Mwishowe akasema, "Nipe majina ya hao wanawake."

"Majina siwezi, mzee. Wote wapo ghalani. Nenda ukawasikie."

Akasema atakuja huko ghalani Mpanda mwenyewe msimu ukifunguliwa. Hakuahidi kuongeza chochote. Nilitoka pale natembea kama naota, hata njia ya chuoni nikaipita.

Msalimie mama, shemeji, na mama mkwe wako anayenitunzia kuku. Mjomba wa Mwese akishuka, mwambie bado nasali.

Huyo mzee akija, dada, msimamizi atataka kuwasemea. Msimwachie. Simama wewe kwanza, useme unacholipwa, halafu mgeukie mwanaume aliye karibu nawe umwombe naye aseme.

Ni mimi mdogo wako, ninayekuwaza kila siku,
Yustina