Mke Wangu na Kifutio Wake

Mshauri mpendwa, pole na mizigo ya watu, naomba nami unipokelee wangu, na kama utacheka, cheka kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari kwa miaka mingi, na mke wangu ni mpokezi katika chumba cha eksirei hospitalini, anaandika majina ya wagonjwa na kuwaambia wavue mikufu, na mwaka huu wakubwa wake wakasema akileta cheti cha fizikia ya mwanzo watampeleka kusomea kupiga picha zenyewe, basi akajiandikisha kozi ya bure ya chuo kikuu kimoja cha mbali, kwenye mtandao, bila kushauriana nami, na mimi mwalimu wa fizikia nimekaa hapo hapo sebuleni kama pambo.

Kila jioni namwona na visikizi masikioni, anatikisa kichwa kumkubalia profesa mwenye kipara aliyeko kwenye skrini, anacheka vichekesho vyake wakati vya kwangu hajavicheka tangu uchumba, na nikimuuliza, "Huyo anasema nini cha ajabu?" ananijibu, "Ngoja, mume wangu, amefika pazuri," na hapo ndipo wivu uliponiingia.

Kweli, mara ya kwanza aliniuliza mimi. Alitaka kujua kwa nini kabati zito ni gumu kulianzisha lakini likishaondoka linakwenda, nikacheka, nikamwambia hilo ni swali la kidato cha pili. Hakuniuliza tena. Akawa anapeleka maswali kwenye jukwaa la kozi, wanakosaidiana wanafunzi, nami nikataka kuwajua hao wanaume wanaomjibu mke wangu, kwa hiyo nikajisajili kwa siri, nikajiita Kifutio, na lile la kabati nikamjibu mimi, nikamwandikia alisukume kwa kidole kimoja, aongeze nguvu polepole, asikilizie ni wapi linakubali.

Mshauri, alikwenda chumbani akalisukuma kabati letu nikiwa nimekaa kitandani, likakwaruza sakafu, akanigeukia uso unang'aa, akasema, "Huyu Kifutio ana kipaji, anakufundisha bila kukufanya ujione mjinga." Ningefurahi, maana ni mimi, lakini iliniuma, kwa sababu shukrani yake ilinipita kando ikaenda kwa mtu asiyekuwepo.

Tangu hapo ni Kifutio asubuhi, Kifutio mezani, Kifutio kasema hivi, Kifutio angeeleza vile, mpaka nikamchukia huyo mtu, basi alipouliza kama mpira uliorushwa juu, pale unaposita kabla ya kushuka, dunia inakuwa imeacha kuuvuta, nikamjibu makusudi kwamba ndiyo, imeacha, ili amwone Kifutio ni mbumbumbu. Akaliandika jibu hilo kwenye jaribio la wiki, likamwangusha, na maswali yaliyolitegemea yakaanguka nalo. Hakumlaumu Kifutio. "Atakuwa alichoka, naye ni mtu," akasema. Mimi nikasema, "Si nilikwambia fizikia siyo mchezo?" akafunga kompyuta akaenda kuanua nguo.

Sasa anasema mtihani wa mwisho hafanyi, kichwa chake ni cha kuandika majina ya wagonjwa tu, nafasi apewe mwenzake. Nimfanye nini huyu Kifutio, nimrudishe amtie moyo, azidi kupendwa, au nimwache apotee?

Ni mimi, Mwalimu Ninayeungua

*

Mwalimu Unayeungua,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, nikafika kwenye mpira nikaacha.

Nimeshapokea barua za wanaume wanaomwonea wivu shemeji, bosi, hata daktari wa meno. Wewe umejitafutia mgoni ukamvalisha viatu vyako mwenyewe. Pole, najua unaumia kweli. Lakini aliyeumizwa zaidi katika nyumba hiyo si wewe. Kuna mwanamke anaamini kichwa chake ni kibovu, na anayejua kwamba ni kizima yuko naye meza moja, kanyamaza.

Tena usijidanganye kwamba ulimtega Kifutio. Kifutio hana mtihani. Uliyemtega ni mkeo.

Kifutio asiandike tena neno, wala usimtume akuombee msamaha, mdomo unao. Nenda leo, umweleze mkeo kwanza habari ya mpira: kwamba dunia haiachi kuuvuta hata kidogo, kwamba jibu lile lilikuwa uongo, na aliyeliandika alijua ni uongo. Kisha mwambie ni nani. Kwa utaratibu huo, usianze na "unajua ninavyokupenda". Akili yake kwanza, ndoa baadaye, maana mtihani una tarehe na hasira haina.

Atakasirika, na ni haki yake. Akitaka kwenda kwa dada yake, mbebee begi, na kompyuta uitie ndani. Akibaki nyumbani asome, wewe ingia jikoni, na yule mwenye kipara mwache afundishe kwa raha zake. Akija na swali, mjibu kama ulivyokuwa ukiandika, polepole. Kile kicheko chako cha kidato cha pili kiache kabisa, maana hata shuleni sidhani kama kuna mwanafunzi atakayekililia.

Na ufanye haraka. Gazeti hili huwekwa kwenye meza za mapokezi, na mkeo akishamaliza foleni ya asubuhi, kilichobaki ni kusoma. Unapofika mstari huu, huenda yeye yuko ukurasa wa tatu.

Akishatulia atakuuliza jambo moja, nalijua kwa sababu hata mimi ningeliuliza: iweje kule uliweza kumweleza kwa upole, na nyumbani ukashindwa? Usimpe somo. Mwambie hujui, kisha nyamaza, umwache yeye akueleze.