Mama, Ninatengeneza Risasi

Kingsview Village, Toronto
12 Januari 2025

Mama yangu mpendwa,

Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Buyenzi, wewe na dada Sabine, na kwamba miguu imepunguza kuvimba. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na baridi ya huku haina huruma. Asubuhi nikisubiri basi Dixon Road, kope zinashikana.

Umeniuliza kazi mpya ni kazi gani, ili uitaje kanisani siku ya kina mama wenye watoto ng'ambo. Nimeandika jibu na kulifuta, nikaandika tena. Mwisho nimeona heri ulisikie kwangu kuliko kwa watu. Mama, ninatengeneza risasi.

Tulia kwanza unisikilize. Si za vita. Karakana ni ndogo, ya mzee mmoja mzungu anaitwa Wayne, ana kibali, na wateja wake ni watu wa vilabu vya shabaha. Serikali ya huku imezuia watu kuuziana bastola, kwa hiyo waliobaki ni wenye za zamani. Wanakwenda klabu, wanatoboa karatasi, wanarudi nyumbani kunywa chai. Sisi tunachukua maganda yaliyokwisha kufyatuliwa tunayajaza upya. Kule ghalani karibu na uwanja wa ndege nilikuwa nabeba maboksi, na huu mgongo ulianzia huko. Hapa angalau nakaa kwenye kiti.

Najua unamfikiria mdogo wangu Yvan. Hata mimi namfikiria. Nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao,
Josaphat


Buyenzi, Bujumbura
2 Machi 2025

Mwanangu Josaphat,

Salamu katika Bwana. Sisi tupo, tunasukuma siku. Sabine alishikwa na mafua, sasa ameamka. Wewe unakula? Kwenye picha uliyotuma shingo imebaki mfupa.

Nimekawia kujibu. Sikuumwa, sikutaka tu. Kila nikishika simu nilimwona mdogo wako amelala kando ya barabara siku ile tunakimbia vita Uvira, na sufuria yangu bado iko mkononi mwake.

Siku ya kina mama ilifika. Mama Mélissa akasimama, akasema binti yake anaosha wazee huko Montreal. Kanisa zima likapiga makofi, wakamwombea. Mchungaji akanigeukia mimi. Nikajifanya nakohoa, nikatoka nje. Nimewalea kwa cherehani, na sijawahi kuona haya kwa kazi ya mtu wa nyumba yangu. Sasa naona haya, na nimekukasirikia kwa hilo.

Siku nyingine ya kina mama ni baada ya Pasaka. Niambie kitu ninachoweza kukitamka mbele za watu. Kama hakipo, tafuta kazi nyingine. Siwezi kukohoa kila mara.

Mama yako


Toronto
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi umenijibu, hata kwa ukali. Mpe Sabine pole. Theluji imeanza kuyeyuka, na viatu vyangu vinaingiza maji yote.

Kitu cha kutamka nadhani nimekipata. Wayne amenunua mashine mpya. Ukivuta mkono wake mara moja, sahani inazunguka na kila ganda linasogea hatua moja mbele, na kila hatua ina kalibu yake ya chuma. Moja inalibana ganda lirudie umbo, nyingine inapanua mdomo na kumwaga baruti, nyingine inaketisha kichwa cha risasi, nyingine inaubana mdomo. Hatua ni tano tu, basi lazima uchague. Wayne akasema, "Josaphat, wewe ndiye utakayekaa nayo. Chagua kalibu mwenyewe."

Nilichagua za chuma kigumu kile ambacho hakitaki maganda kupakwa mafuta, maana kupaka na kufuta kunamaliza mabega. Hapo hatukubishana. Ugomvi ulikuwa hatua ya tatu, ile iliyobaki wazi baada ya baruti. Wayne alitaka kifaa kinachodondosha vichwa chenyewe, kazi iende mbio. Mimi nikataka cha kupima baruti, kinachopiga king'ora ganda likiwa tupu au likijazwa mara mbili.

Nikamwambia, bosi, mimi huwa nachoka. Alasiri macho yanaona lakini akili haioni. Risasi isiyo na baruti, kichwa chake kinakwama ndani ya mtutu, na mwenye bastola asipojua akafyatua nyingine, inampasukia mkononi. Akanuna kutwa nzima. Jioni akasema haya, agiza hicho chako.

Basi sema hivi kanisani: mwanangu anazuia watu wasiumie. Si uongo, Mama. Hakuna risasi inayotoka mikononi mwangu ikiwa na kasoro.

Mwanao,
Josaphat


Buyenzi
28 Aprili 2025

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Pasaka ilikuwa njema, mvua nyingi, nyumba haikuvuja sana. Miguu ni ile ile.

Maneno yako niliyakariri kama mtoto wa shule. Jana nikavaa kitenge cha bluu, nikasimama. Mchungaji akauliza, "Mama Josaphat, tuombe nini?" Nikasema, mwanangu anazuia watu... Pale nilipokuwa nimesimama ndipo nilipoielewa barua yako.

Unasema isiyo na baruti inakwama. Ile iliyompata Yvan haikukwama. Kuna mtu mahali fulani aliipima vizuri, labda naye ana mama, labda mgongo unamuuma kama wewe. Laiti angekuwa mvivu siku ile.

Watu walikuwa wananingoja. Nikasema, mwanangu amechoka, mwombeeni apumzike. Wakakuombea kwa sauti kubwa, hata Mama Mélissa alilia. Kazi sikuitaja.

Sina hasira tena. Hasira inataka nguvu, na mimi sina. Lakini usiniandikie tena kwamba risasi zako hazina kasoro.

Mama yako anayekupenda


Toronto
11 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nasikia mvua zimezidi huko, pole. Barua yako niliisoma ndani ya basi nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu.

Kwa hilo la kutafuta kazi nyingine, natafuta. Nimeulizia kwenye kiwanda cha mkate, nimeulizia kwenye nyumba ya wazee. Sitaki kukuahidi kitu, kwa sababu nikirudi nyumbani nalala na viatu. Asante kwa kuniombea nipumzike. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniombea hilo.

Jumanne king'ora kililia. Mashine ikasimama, nikatoa ganda, nikachungulia ndani. Tupu. Nikakaa nalo mkononi. Yule mtu uliyeniandikia habari zake, aliyeipima ile iliyompata Yvan, miaka yote hii kwangu hakuwa na sura. Siku hiyo nikamwona, ameketi kwenye kiti kama changu, anataka siku iishe. Nikajaribu kumchukia, nikashindwa.

Wayne akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Nikilipitisha vile vile, mzee mmoja asiye na kosa ataumia klabuni. Nikilitupa, Yvan harudi.

Nililijaza, Mama. Kisha nikaenda chooni nikalia mpaka Wayne akaja kugonga mlango.

Mwanao,
Josaphat