Timu Iliyoingia Jandoni

Ufukoni,
Mtwara.
19 Julai 2025

Mpendwa shemeji Valdemar,

Pokea salamu za nyumba yote. Sisi ni wazima kwa jumla. Dada yako Celia alisumbuliwa na jino wiki iliyopita, likang'olewa, sasa anakula. Mama mkwe yuko Kitaya. Magoti yanamuuma asubuhi, lakini shambani anakwenda na ukimzuia anagomba. Nataraji kifua chako kimetulia, na kwamba Ines na watoto hapo Nampula wanaendelea vizuri.

Naandika kwa karatasi kwa sababu tukifika kwenye jambo hili simu yako hukatika. Barua ataibeba Juma wa duka la vitenge, anavuka mto pale Kilambo keshokutwa.

Nianze na jema. Mpwa wako Americo alitoka jandoni salama. Aliyewatahiri ni mganga wa zahanati, wazee wakabaki na mafunzo na ngoma. Kidonda kimepona vizuri. Siku ya kutoka alivishwa shati jeupe, akabebwa mabegani, na mama yako alicheza kama msichana. Picha anazo Juma.

Sasa habari za klabu ya kriketi.

Uliiona sehemu ya watoto ulipokuja mwaka juzi, ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kabla ya hapo watoto pale kwenye kriketi walikuwa waokota mipira ya wakubwa. Kamati ilituruhusu kujaribu, mimi na mwalimu Rukia wa shule ya msingi, kwa sharti moja: ndani ya miaka miwili tupeleke Dar timu ya chini ya miaka kumi na mitatu, kwenye mashindano ya vilabu ya mwezi wa sita. Hawakudai tushinde. Walidai tufike tukiwa kumi na mmoja. Tusipofika, uwanja wa jioni unarudi kwa wakubwa na sehemu ya watoto inafungwa.

Rukia ndiye aliyejua kufundisha. Miezi ya mwanzo hakuna mtoto aliyeshika gongo. Walidaka tu, kwanza mpira wa tenisi, kisha ule mgumu wa ngozi, mpaka wakaacha kufumba macho. Baada ya hapo wakafundishwa kurusha kwa mkono ulionyooka. Gongo lilikuja mwisho, na aliyelizungusha ovyo alirudishwa kudaka.

Mtaani walitucheka. Bodaboda wa kona walikuwa wakinipazia sauti, kwa vile wanajua mimi ni mwandishi wa habari: "Mwandishi, hayo magongo mnakwenda kumpiga nani?" Rukia akawajibu: "Nyinyi, mkipita tena bila helmeti." Mmoja wao, Hemedi, wiki iliyofuata alimleta mdogo wake.

Watoto tuliwachukua kutoka mtaa mmoja na wa rika moja, kwa makusudi. Wa mtaa mmoja hawakosi mazoezi, na mama anajua mtoto yuko wapi. Wa rika moja wanakua pamoja na kuzoeana. Hadi Machi tulikuwa na timu ambayo hata wakubwa waliacha mambo yao wakaitazama. Americo alikuwa mrushaji wa kwanza. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mwanangu. Rukia ndiye aliyempanga, na Rukia hana upendeleo.

Sikukuu ya Pasaka nilikutajia tarehe ya mashindano kwenye simu. Ulisema, "Sawa, shemeji, nimekuelewa." Baada ya wiki mbili mama mkwe akaja na ujumbe wako.

"Baba Americo, mjomba wake amesema mtoto aingie jandoni Juni."

Nikamwambia jando letu huwa Desemba.

"Desemba yeye hana likizo. Anataka kuwepo."

"Na mashindano, mama?"

"Huo mpira una miguu? Utakimbilia wapi?"

Sikubishana. Mtoto ni wa ukoo wenu, wa upande wa mama, na kauli ni yako, mjomba wake. Nililijua hilo nilipooa. Nilikupigia mara tatu wiki ile, hukupokea.

Halafu ikawa kama inavyokuwa siku zote. Habari zilipoenea kwamba kuna mjomba anatoka Nampula kuja kumweka mpwa wake jandoni, kila nyumba yenye mtoto wa umri ule ikaona hiyo ndiyo shughuli ya mwaka. Jirani yetu, mama yake Fernando, aliniambia waziwazi: "Wenzake waingie, wangu abaki? Aje aingie na watoto wadogo, wamwite mkia mpaka anaoa?" Tuliwachagua wa rika moja na mtaa mmoja, na rika moja la mtaa mmoja huingia pamoja. Katika kumi na mmoja, wanane walikwenda jandoni Kitaya, Americo akiwemo.

Rukia alijaribu kuziba nafasi kwa watoto wengine wa shule. Siku ya kwanza kijana mmoja, Selemani, alipigwa na mpira mdomoni kwa sababu hajui kudaka, na Rukia akasimamisha mazoezi mwenyewe. Alisema hawezi kuwapeleka watoto wa watu mbele ya mpira mgumu ili tu hesabu itimie. Alikuwa sahihi. Tukajitoa.

Kamati ilikaa Julai mwanzoni. Katibu, Bwana Shabani, hakuwa na chuki. Alisema, "Hamkukosa ufundi, mmekosa watoto. Sisi tufanyeje?" Magongo madogo yamefungiwa stoo, na ule mkeka wa makumbi tuliokuwa tukiutandika juu ya saruji wanautumia wakubwa. Wanakuja watano au sita jioni, wanacheza kidogo, wanakaa. Watoto watatu waliobaki wamerudi kuwaokotea mipira. Rukia alikabidhi ufunguo. Juzi nilimkuta sokoni, tukaongea bei ya samaki.

Na wewe hukuja.

Asubuhi ya kuingia, watoto wakiwa wamekwishanyolewa, uliandika kwamba likizo imebadilishwa. Katika kazi yangu nimeambiwa na watu wengi kwamba likizo imebadilishwa, nami huwa sibishi. Huwa nauliza tu walijua lini. Ines alimwambia dada yako, kwenye mazungumzo yao ya kawaida, kwamba likizo zenu zote zilifutwa katikati ya Mei. Hakujua kama ni siri, kwa hiyo usimgombeze.

Katikati ya Mei, shemeji, watoto wote walikuwa bado hapa Ufukoni. Neno lako moja kwa mama lingelirudisha jando Desemba, na familia zile nyingine saba zingelirudisha pia, maana zilikuwa zinakufuata wewe. Uliona aibu kusema huji. Nakuelewa. Lakini aibu yako uliificha nyuma ya jando la watoto wanane, na aliyeilipia ni mwanamke ambaye hata humjui, kwa kazi yake ya miaka miwili.

Mama yako sijamwambia. Yeye anaamini ulizuiliwa siku ileile, na alikuwekea sahani.

Americo alipokaa nyumbani siku ya pili aliniuliza wenzake watatu walicheza na nani Dar. Nikamwambia hawakwenda. Akauliza nani aliyepanga Juni. Nikasema mjomba.

"Kwa nini Juni?"

"Ili awepo."

"Mbona hakuwepo?"

Ningeweza kumjibu, kwa kuwa jibu ninalo. Sikumjibu. Huko jandoni wamemfundisha kwamba jambo zito mtu hapeleki kwa baba, hupeleka kwa mjomba, na mjomba hujibu. Amelishika somo hilo vizuri kuliko mengine yote. Amesema atakupigia Jumapili ya wiki ijayo baada ya misa, na ameomba tumwache peke yake na simu. Utapokea, na utamwambia wewe mwenyewe ni lini ulijua.

Nisalimie Ines na watoto, na mzee Valentim kama bado mnasali naye kanisa moja. Dada yako anakusalimu; anasema ukilinde kifua na uvae sweta. Fernando na mama yake wanakusalimu pia, wao hawana habari yoyote ya jambo hili la Mei. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe maneno Jumapili ile.

Mimi shemeji yako, nikupendaye hata baada ya haya,

Dickson