Kanga Yako Nimeifua, Mama Zaituni

Mama Zaituni, mke wangu,

Ni mimi mumeo, dereva wa kwanza wa Buzebazeba kushusha lori lenye tela kwenye milima ya Kasulu bila kuunguza breki. Naandika kwa mkono wangu. Zaituni alitaka kunisaidia nikakataa, asije akaongeza ya kwake.

Tangu tukuzike mvua zimekatika na nyasi zimechanua barabara nzima. Maana yake unaijua. Chafya, na macho yanawasha kama nimepakwa pilipili. Bado tunapeleka mahindi kambini, Warundi wengine wameingia tena. Njia ile hakuna anayenishinda. Lakini juzi chafya zilinifumba macho nikaingia mtaroni, mama mmoja mkimbizi mwenye kuni kichwani akaruka, "Yebabawe! Mzee, unaniua!"

Msimamizi wa yadi akasema nikiyumba tena, funguo anampa yule dereva mgeni wa kutoka kwao Tabora. Nikajua wameshapanga.

Na nesi wa kambini naye wa hukohuko Tabora! "Shikamoo mzee, hiyo ni aleji ya msimu." Akanipa vidonge. Nikamwuliza, vinaleta usingizi? Akasema kidogo. Umeona mambo hayo? Dereva anapewa dawa ya usingizi! Nikavitupa dirishani.

Halafu akaiona kanga yako. Ile uliyokuwa ukiilowanisha na kunifunga puani kabla ya safari, ukiniambia, "Jogoo wangu, funga kioo, acha kujionesha." Tangu ufe nilikuwa naifunga kavu. Sikuwa nimeifua hata mara moja, maana harufu yako ilikuwa bado imo, ya mawese na udi. Nesi akaikung'uta mlangoni, likatoka vumbi kama unga wa mashineni. Akasema, "Mzee, ugonjwa umejifunga mwenyewe usoni. Nani alikuwa anakufulia?"

Nikamnyang'anya. Nikasema moyoni, huyu anataka kunimalizia mke.

Lakini njia nzima kurudi nilipiga chafya huku nawaza. Kila nikitoka safari nilikuwa naikuta imeanikwa uani. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani kutoyumba kule ni uhodari wangu.

Jana nikashuka Katonga nikaifua mwenyewe ziwani, mbele ya wauza dagaa. Wakanicheka wale wanawake, "Mzee, mkeo kakufukuza?" Nikazidi kufikicha. Maji yalitoka meusi. Nilipoinusa ilinuka sabuni tu, mama. Ulikuwa umeshatoka.

Leo nimeifunga mbichi, nimekwenda kambini na kurudi, lori halikuyumba hata kidogo. Funguo ninazo mfukoni. Makuli waliona macho yangu mekundu wakauliza, nikawaambia ni aleji. Wakaamini, wajinga wale.

Lala, mke wangu. Kila safari nitaifua mimi, hataigusa mtu, hata Zaituni. Yule nesi bado namtazama kwa jicho la pembeni.

Na kioo nitafunga.

Jogoo wako